Kutoka Sanduku la Posta hadi Ruta: Historia ya Nyumba Inayopokea Bila Kufikika katika Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya jambo linaloonekana kuwa dogo na la kifundi tu: uwezo wa mtu aliye mbali kufungua seva ya midia iliyomo ndani ya nyumba ya familia yake katika mji kama Kahama, Katoro au Geita. Kwa kawaida jambo hilo hukamilishwa kwa kuelekeza mlango mmoja wa ruta kwenye seva hiyo. Hoja kuu ya insha ni kwamba kushindikana kwa hatua hiyo katika ukanda huu hakutokani hasa na uhaba wa ujuzi wa wenyeji, bali kunatokana na historia ndefu ambamo nyumba za ukanda ziliunganishwa na dunia kama mahali pa kupokea, si mahali pa kutoa. Historia hiyo inafuatiliwa kupitia sanduku la posta, redio, kibanda umiza, kurusha nyimbo kwenye kadi za simu, na hatimaye mtandao wa simu ambamo anwani moja ya umma hutumiwa na wateja wengi. Insha inahitimisha kwamba suala la anwani ni suala la nani anashika kumbukumbu za jamii.

1.0 Utangulizi

Tuchukue mfano wa familia moja ya Kahama. Baba amenunua diski kubwa na kompyuta iliyokwishatumika, akaziunganisha na ruta ya nyumbani. Humo amehifadhi picha za harusi za watoto, video za misiba, hotuba za wazee, na ngoma zilizochezwa kijijini wakati wa mavuno. Ndani ya nyumba kila kitu kinakwenda sawa: televisheni ya sebuleni na simu za vijana zinaisoma seva bila tatizo. Binti anayesoma Dar es Salaam anapotaka kuitazama video ya maziko ya bibi yake, anaambiwa na kompyuta yake kwamba mahali anapopatafuta hapapatikani. Baba amefuata kila hatua ya maelekezo. Mlango wa ruta ameuelekeza ipasavyo. Hata hivyo, nyumba yake haifikiki.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini mazingira yake ni ya kweli. Maelezo mengi ya kifundi kuhusu seva za nyumbani huandikwa kwa kuchukulia kwamba kila nyumba ina anwani yake kwenye intaneti. Dhana hiyo ilipata nguvu katika nchi zilizoanza mapema kutumia intaneti ya waya majumbani. Katika sehemu kubwa ya Tanzania, na hususani katika Shinyanga na Geita, intaneti iliingia nyumbani kupitia simu ya mkononi, tena katika miaka ambayo anwani zilikuwa zimeanza kuadimika. Kwa hiyo swali la kifundi, yaani kwa nini mlango haufunguki, haliwezi kujibiwa kikamilifu bila swali la kihistoria: nyumba hii imewahi kuwa na anwani lini?

Eneo linalozungumziwa ni mkoa wa Shinyanga pamoja na ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama na Bulyanhulu hadi Geita, Nyarugusu na Katoro. Mipaka ya kiutawala ya eneo hili imebadilika. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, mikoa ya Geita na Shinyanga kwa pamoja ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5. Si eneo la pembezoni kwa idadi ya watu wala kwa utajiri unaotoka ardhini mwake. Almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa baada ya ugunduzi wa John Williamson mwaka 1940. Mgodi wa kisasa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Mali ya eneo imekuwa na njia ya kutokea tangu zamani. Kinachoulizwa hapa ni njia ya sauti na picha za watu wake.

2.0 Sanduku moja, watu wengi

Reli kutoka Tabora ilipita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928. Pamoja na pamba na abiria, reli ilibeba barua. Hata hivyo, barua haikufika nyumbani. Ilifika posta, ikawekwa ndani ya sanduku lenye namba, nalo sanduku hilo mara nyingi lilikuwa mali ya shule, misheni, chama cha ushirika au mwajiri. Mwanakijiji aliyetaka kuandikiwa alitumia sanduku la taasisi iliyo karibu naye. Mwalimu mkuu au katekista alizipokea barua zote kwa pamoja, akasoma majina, akazigawa. Utaratibu huo uliendelea chini ya shirika la posta na simu la Afrika Mashariki, ukaendelea chini ya shirika la Tanzania baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, na haukubadilika hata huduma za posta na simu zilipotenganishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Utaratibu huu unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa unafanana mno na utaratibu wa ruta utakaoelezwa baadaye. Una sifa tatu. Kwanza, watu wengi walijulikana nje kwa anwani moja. Pili, barua ilimfikia mlengwa kwa sababu tu mtu wa katikati alijua jina lililoandikwa juu yake ni la nani. Tatu, mgeni aliyeijua namba ya sanduku pekee, bila jina linalofahamika kwa mgawaji, hakuweza kumfikia mtu yeyote. Mwenye nyumba hakuwa na ufunguo. Ufunguo ulikuwa kwa taasisi.

Redio ilifuata mkondo huohuo. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwafikia wakulima wa Shinyanga na wachimbaji wa Geita kwa lugha moja na kwa saa moja. Wasikilizaji waliupenda sana utaratibu wa kadi za salamu: mtu aliandika majina ya ndugu na marafiki, akaituma kadi Dar es Salaam, kisha akasubiri siku itakaposomwa hewani. Hivyo mtu wa Nyarugusu aliyetaka kumsalimu jamaa yake wa Ushirombo aliituma salamu hiyo mamia ya kilomita hadi mwambao wa Bahari ya Hindi ili irudi kwa mawimbi. Umbali baina ya wawili hao haukuwa na maana. Kilichokuwa na maana ni mahali ulipo mtambo wa kutolea sauti.

Kumbukumbu zilizorekodiwa nazo zilikuwa na mwelekeo wa kutoka bila kurudi. Mwaka 1909 mtaalamu wa muziki Erich von Hornbostel, aliyehusishwa na hazina ya fonografu ya Berlin, alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi katika jarida la Anthropos. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi muziki wa makabila mbalimbali ya Tanganyika, na hazina yake ikahifadhiwa Afrika Kusini. Kazi hizo zina thamani kubwa kwa watafiti, na pasipo hizo mengi yangepotea. Lakini zinathibitisha mpangilio mmoja: wimbo uliimbwa hapa, ukahifadhiwa kwingine, na mjukuu wa mwimbaji akawa ndiye anayeomba ruhusa ya kuusikiliza.

3.0 Kibanda umiza na kurusha nyimbo

Picha zinazotembea zilichelewa. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Pengo hilo lilizibwa na kanda za video. Katika miji midogo na makambi ya wachimbaji, mtu mwenye jenereta, deki na televisheni moja aliweza kufungua ukumbi wa mabati au maturubai na kutoza kiingilio. Kumbi hizo zilikuja kuitwa vibanda umiza, jina linalodokeza adha ya mabenchi, joto na msongamano. Wachimbaji waliotoka duarani au waliokuwa wakisubiri zamu kwenye makarasha walikuwa wateja wa uhakika, kwa kuwa fedha ilizunguka hata pale ambapo umeme wa gridi haukuwepo.

Kibanda umiza hakikuwa mahali pa kupokea tu. Filamu za kigeni zilipata watafsiri waliozisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya awali, wakiongeza vichekesho, mafunzo na majina ya mahali wanapopajua watazamaji. Msimulizi anayejulikana zaidi nchini, Derek Gaspar Mukandala maarufu kwa jina la Lufufu, alizifanya filamu hizo kuwa bidhaa iliyosambaa kwa kanda na baadaye kwa diski. Kwa hiyo jamii ilikuwa na uwezo wa kuigeuza midia na kuifanya yake. Ilichokosa ni njia ya kuisambaza isiyotegemea mtu kubeba kitu mkononi.

Simu zenye kadi za kumbukumbu zilipoenea, kubeba kukawa rahisi zaidi. Katika stendi na masoko ya ukanda huu kulizuka vibanda vyenye kompyuta moja na maandishi ya kuwaalika wateja kurushiwa nyimbo. Mteja alitoa kadi au flashi yake, akachagua nyimbo na filamu, akalipa kwa idadi. Mwenye kibanda alikuwa, kwa hakika, mhifadhi wa midia ya mtaa: diski yake ilikuwa na muziki wa kizazi kipya, nyimbo za injili, filamu zilizosimuliwa, na ngoma za Kisukuma zilizorekodiwa kwenye sherehe za karibu, ambazo hazikupatikana katika duka lolote la jijini. Neno lenyewe, kurusha, linastahili kuzingatiwa. Linatoa picha ya kitu kinachokwenda mbali angani, ingawa kwa kweli kilihama kwa waya wenye urefu usiozidi mkono mmoja.

Seva ya nyumbani ni mrithi wa kibanda hicho. Programu kama Plex na Jellyfin, hii ya pili ikiwa ya bure na yenye msimbo huria tangu mwishoni mwa mwaka 2018, hufanya kazi aliyoifanya mwenye kibanda: hupanga, hutaja majina, huonyesha na hugawa. Tofauti ni kwamba zinaahidi kugawa bila mtu kusafiri. Ahadi hiyo inahitaji masharti mawili. La kwanza ni umeme usiokatika mara kwa mara, jambo lililoanza kubadilika vijijini baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007. La pili ni anwani.

4.0 Intaneti yafika, anwani zaadimika

Itifaki ya nne ya intaneti, ambayo ndiyo iliyobeba mtandao wa dunia kwa miongo mingi, ina anwani 4,294,967,296 tu. Ilipobuniwa idadi hiyo ilionekana kubwa kupita mahitaji. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu walikwishaona kwamba haitatosha. Mwezi Mei 1994 ulichapishwa waraka wa kwanza ulioeleza tafsiri ya anwani, yaani mbinu ya kuwezesha kompyuta nyingi kutumia anwani moja ya umma. Februari 1996 yakatengwa rasmi mafungu ya anwani za ndani, likiwemo lile linaloanza na 192.168 ambalo leo limo karibu katika kila ruta ya nyumbani. Mbinu hiyo ilikusudiwa kuwa ya muda, wakati itifaki mpya ya sita ikisubiriwa. Ya muda ikawa ya kudumu.

Ratiba ya Tanzania inapaswa kusomwa sambamba na hiyo. Kampuni za kwanza za kutoa intaneti zilianza Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Shirika linalogawa anwani za Afrika, AFRINIC, lilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Kebo ya SEACOM iliwasili pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, ikafuatiwa na EASSy mwaka 2010, na katika miaka hiyohiyo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kutandazwa kuelekea mikoani. Kwa maneno mengine, njia pana ilipoanza kuelekea Kanda ya Ziwa, hazina ya anwani ilikuwa inafikia ukomo. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu makubwa ya mwisho ya dunia yaligawiwa mashirika matano ya kanda. Januari 2020 AFRINIC iliingia katika awamu ya pili ya uhaba, ambamo mwombaji mmoja hakuweza kupata zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Idadi hiyo haitoshi hata kata moja ya mjini ikiwa kila kaya ingepewa anwani yake.

Kampuni za simu zilikabili hali hiyo kama posta ilivyoikabili: sanduku moja kwa watu wengi. Ruta ya nyumbani huzitafsiri anwani za ndani ya nyumba kuwa moja, kisha mtambo wa kampuni huzitafsiri tena anwani za ruta nyingi kuwa moja ya umma. Aprili 2012 lilitengwa fungu maalumu kwa kazi hiyo ya pili, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Hivyo familia ya Kahama, na familia nyingine nyingi isizozijua, huonekana nje kama mteja mmoja. Ni katekista aliyepokea barua kutoka kwa katekista mwingine, na sanduku lenyewe liko katika mji mwingine.

5.0 Mlango unavyoelekezwa, na pale unapogota

Ili hoja ieleweke, ni lazima utaratibu wenyewe uelezwe. Kompyuta inapotuma ujumbe hutaja anwani na namba ya mlango, kuanzia 0 hadi 65,535. Anwani huonyesha nyumba. Mlango huonyesha huduma inayotafutwa ndani ya nyumba hiyo. Jellyfin kwa kawaida husikiliza kwenye mlango 8096, na Plex kwenye mlango 32400. Mtu wa ndani anapofungua ukurasa wa nje, ruta huandika katika daftari lake kwamba fulani ametoka, na jibu likirudi hulikabidhi kwa huyo. Lakini ujumbe ulioanzia nje, ambao haukutanguliwa na ombi la ndani, haumo katika daftari. Ruta huutupa.

Kuelekeza mlango ni kuandika katika daftari hilo agizo la kudumu. Kazi ina hatua nne. Kwanza, seva hupewa anwani ya ndani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.50, kwa sababu agizo litapotea njia ikiwa seva itabadilisha anwani kila umeme unaporudi. Pili, katika ukurasa wa mipangilio ya ruta huandikwa kwamba kila ujumbe unaoingia kwa mlango 8096 upelekwe kwenye anwani hiyo. Tatu, hutafutwa anwani ya umma ya nyumba, na kwa kuwa nayo hubadilika, hutumiwa huduma ya jina linalojisasisha lenyewe. Nne, hufanyika jaribio kutoka nje, kwa simu iliyozimwa Wi-Fi ya nyumbani.

Katika ukanda huu hatua ya tatu ndiyo inayofichua historia. Mwenye nyumba akilinganisha anwani iliyoandikwa kwenye ruta upande wa nje na ile inayoonekana na tovuti za kuonyesha anwani, mara nyingi atakuta hazifanani. Ikiwa ile ya ruta inaanza na 10, au imo katika fungu la 100.64 hadi 100.127, basi nyumba iko nyuma ya tafsiri ya pili. Agizo lake limeandikwa sawasawa katika daftari lake mwenyewe, lakini ujumbe haufiki kwenye daftari hilo. Umekwishatupwa kwenye mtambo wa kampuni, mahali asipo na ufunguo. Kwa hiyo kosa halimo katika mikono ya fundi wa nyumbani. Ni sawa na mwanakijiji aliyebandika jina lake mlangoni vizuri kabisa, ilhali barua zote zinaishia posta.

Ziko njia za kuzunguka kizuizi hicho, na kila moja ina gharama yake. Kampuni nyingine huuza anwani ya umma isiyobadilika, hasa kwa ofisi, kwa malipo ya ziada. Pale ambapo huduma ya waya wa nyuzi za kioo imefika, mteja anaweza kuuliza aina ya anwani anayopewa kabla ya kulipia. Itifaki ya sita, yenye anwani nyingi kiasi cha kutosha kila kifaa, ingelimaliza tatizo kwenye mzizi wake, mradi kampuni iiwashe hadi nyumbani na ruta iruhusu ujumbe uingie. Njia ya mwisho ni seva kutangulia kufungua VPN, yaani njia iliyosimbwa, kwenda kwenye kompyuta nyingine yenye anwani ya umma, na wageni wote kupitia hapo. Mara nyingi kompyuta hiyo iko nje ya nchi. Video ya maziko ya Kahama itakwenda Ulaya ndipo ifike Dar es Salaam. Ni safari ileile ya kadi ya salamu, isipokuwa imerefushwa.

6.0 Usalama, sheria na umiliki

Pingamizi la haki linaweza kutolewa hapa. Je, kutofikika si ulinzi? Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka ruta na kamera nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha. Nyumba nyingi zilizo nyuma ya tafsiri mbili ziliepuka balaa kama hilo bila kujua. Pingamizi hili lina uzito, na yeyote anayefungua mlango anapaswa kubadilisha nywila, kusasisha programu, kufungua mlango mmoja tu unaohitajika na kutumia mawasiliano yaliyosimbwa. Lakini ulinzi unaotokana na kukosa uchaguzi haulingani na ulinzi wa mtu mwenye ufunguo anayeamua kufunga. Nyumba isiyo na mlango ni salama dhidi ya mwizi, na wakati huohuo si nyumba ya kukaribishia mgeni.

Upande wa sheria nao una historia yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda wenye kazi, na sehemu kubwa ya kilichorushwa vibandani kilisambazwa bila ridhaa yao. Seva ya nyumbani inayogawa filamu za wengine kwa watu baki inarithi kosa hilo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliweka leseni kwa wanaotoa maudhui kwa umma, na Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Tangazo hilo lina uhusiano wa moja kwa moja na mada hii: kwa nyumba isiyo na anwani ya umma, VPN si lazima iwe chombo cha kujificha, inaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kuonekana na ndugu zake. Sera isiyotenganisha matumizi hayo mawili inamfunga mwenye kumbukumbu pamoja na mwenye hila.

Katika hali hiyo familia nyingi huchukua njia nyepesi: huzipandisha video zao kwenye majukwaa ya kampuni za kigeni. Hakuna wa kuzilaumu. Lakini matokeo yake yanafahamika kwa msomaji wa historia ya hazina za Berlin na Afrika Kusini. Ngoma imechezwa hapa, imehifadhiwa kwingine, na masharti ya kuitazama yamewekwa na mtu asiyemjua mchezaji. Akaunti ikifungwa, mjukuu hana pa kudai.

7.0 Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba kati ya sanduku la posta la enzi ya reli na ruta ya leo kuna mwendelezo wa muundo, si mfanano wa sura tu. Katika kila kipindi nyumba ya Shinyanga na Geita iliunganishwa kupitia anwani ya taasisi nyingine, na ufunguo wa anwani hiyo ulikaa mbali nayo. Pale wenyeji walipopata nafasi, kama ilivyokuwa kwa wasimulizi wa filamu na warusha nyimbo, walithibitisha kwamba hawakuwa wapokeaji watulivu. Waliibeba midia kwa mkono kwa sababu mtandao haukuwawekea njia ya kuitoa.

Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi na postikodi: mitaa ilipewa majina na nyumba zikabandikwa namba. Kwa nyumba nyingi za ukanda huu, ndiyo mara ya kwanza zilitambuliwa kwa anwani zao zenyewe badala ya sanduku la shule au la kanisa. Hatua hiyo ilitokana na kukubali kwamba raia asiyefikika hahudumiwi ipasavyo. Insha hii inapendekeza kwamba kanuni hiyohiyo itumike kwenye mtandao: kampuni zinazotoa huduma zitakiwe kumweleza mteja waziwazi aina ya anwani anayopewa, na uwashaji wa itifaki ya sita hadi majumbani uhesabiwe kuwa sehemu ya kufikisha huduma, kama unavyohesabiwa mnara au mkongo. Kwa watafiti, uchunguzi zaidi unahitajika juu ya diski za vibanda vya kurushia nyimbo, ambazo zinaharibika kila mwaka na pamoja nazo rekodi zisizo na nakala nyingine.

Namba tayari imebandikwa juu ya mlango wa nyumba ya Kahama, na mpeleka vifurushi anaweza kuufikia. Seva iliyo nyuma ya mlango huo, yenye sauti ya bibi ndani yake, bado inasubiri anwani.